Mstari wa Marekebisho

Bwana Petryshyn alianza na nukta.
Haina urefu, alisema, haina upana, haina uzito,
ila ipo. Tukacheka.
Nje ilikuwa digrii thelathini chini ya sifuri,
basi la shule linanguruma uani tangu asubuhi
kwa kuwa likizimwa haliwaki tena.

Kisha mstari: nukta zilizokubali kupangwa.
Kisha pembe: mistari miwili iliyotoka mahali pamoja,
kila mmoja ukashika hamsini zake.

Kwa wiki sita tulithibitisha mambo tuliyoyaona kwa macho.
"Kuona si hoja," alisema, chaki imemwingia masharubuni.
"Kushoto andika jambo. Kulia andika sababu yake."
Kushoto nikaandika: pembe hizi mbili ni sawa.
Kulia: kwa sababu zinatazamana.
Kushoto: kaka yangu Lorne haketi tena mezani kwetu.
Kulia nikaacha wazi.

Siku ya mistari sambamba alitundika ramani ya wilaya,
barabara za changarawe, maili kwa maili,
kusini hadi kaskazini, kama karatasi ya daftari,
na mashamba ya ngano katikati, yamekatwa kama vipande vya sabuni.
"Hazikutani kamwe," tukakariri.
Delphine Cardinal, wa dirishani, hakukariri.
"Bibi yangu anasema nchi hii haikuwa na pembe
kabla ya wenye minyororo kuja kuipima."
Bwana Petryshyn akaweka chaki chini.
Kwa muda tulisikia basi tu.
Halafu akagusa ramani pale barabara zote zinapokatika,
zikaruka hatua kadhaa upande, ndipo ziendelee.
"Na nchi yenyewe ilikataa," akasema. "Dunia ni tufe.
Ukienda kaskazini, yaliyo sambamba husogeleana.
Kila maili ishirini na nne wapimaji walilazimika
kukiri kosa, na kuhama."
Hapo panaitwa mstari wa marekebisho.
Sisi tulipajua kama kona iliyomlaza Mjomba Anders mtaroni
pamoja na lori zima la ngano.
Delphine aliandika kitu. Sikukiona.

Baba analima magharibi ya barabara, Lorne mashariki.
Siku nzima matrekta yao hupita
yakitazama upande mmoja, umbali uleule.
Sikuhitaji rula.

Mwezi wa tano theluji ilipokwisha
Baba akaanza msingi wa ghala jipya.
Nikamwambia, kona yako imepinda.
"Nani kasema?"
"Kamba itasema."
Nikachukua kamba ya marobota ya nyasi,
nikaigawa kwa mafundo, hatua kumi na mbili zilizo sawa:
tatu, nne, tano.
Lakini pembetatu ina ncha tatu
na sisi tulikuwa wawili.
Mbwa hashiki kamba.

Baba alitazama mashariki
kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa,
na kikombe kilikuwa kitupu.
"Mpigie," akasema.

Lorne alikuja na pikapu, injini hakuizima,
akashika fundo lake bila salamu.
Baba akashika lake. La konani likawa langu.
Tukavuta.
Kamba iliponyooka pande zote tatu
ilitoa mlio mdogo, kama wa jino,
na hakuna aliyeweza kulegeza
wawili wengine wasihisi mikononi.

"Imepinda vidole vinne," Lorne akasema.
"Vitatu," akasema Baba.
Wakainama wote wawili kupima,
na kwa kuwa vidole vya Baba ni vinene
wote wawili walikuwa sahihi.

Mtihani wa Juni nilipata sitini na moja.
Si hoja.
Ninachokumbuka ni Lorne akirudi kwenye pikapu,
nami nikidhani anaondoka,
mkono wake ukipita dirishani,
na injini ikizimika.